Mkate uwe kama chicha, usiwe uji

Swali: Assalaam aleikum shangazi, shikamoo. Mimi ni mkaazi wa Unguja. Mwezi uliopita tulialikwa kula kwenye hoteli moja ya Kiwengwa, nikaonja saladi ya mkate na tungule ambayo mpishi wao Mtaliano aliiita panzanella. Mkate ulikuwa umelowa lakini haukuharibika, ulichambuka mdomoni. Nyumbani nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia mkate wa slesi, nikauloweka maji kama alivyonieleza, ukawa uji. Mara ya pili nikauanika juani kwanza, ukawa uji wenye vipande vigumu. Dada yangu aliyeko Muscat anasema niukaange mkate, kama wanavyofanya kwenye fatushi. Mavyaa anakuja Jumamosi ijayo, na mimi nimeshajisifia. Nakosea wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Mikono yako haina kosa. Kosa ulilifanya dukani, ulipochukua ule mkate wa slesi, na mimi nililifanya hilohilo miaka yangu ya mwanzo jikoni hapa Malindi ya Kenya, tena mbele ya wageni kumi na wawili. Mwenye jiko alikuwa mzee wa Siena, mji wa Toscana huko Italia, mtu wa maneno machache. Aliitazama bakuli yangu, akachovya kidole, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Nani mgonjwa?" Alidhani nimempikia mtu uji.

Wasomaji wa mbali wasishangae Mswahili kujifanya mjuzi wa chakula cha Toscana. Waitaliano tumezoeana nao tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha San Marco baharini huko Ngomeni. Satelaiti yao ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967, na ya mwisho ikarushwa mwaka 1988. Baada ya hapo satelaiti zikakoma, tambi zikabaki. Nyinyi wa Kiwengwa mnayajua hayo, kuna vijana wa ufukweni kwenu wanaokujibu kwa Kitaliano kabla hujawasalimu.

Turudi bakulini. Panzanella ni chakula cha watu wa mashambani wa Toscana, Italia ya kati, cha miezi ya joto ambapo hakuna mtu anayetaka kuwasha jiko. Mkate wa shamba ulikuwa ukiokwa mara moja kwa wiki. Siku ya nne au ya tano umekuwa jiwe, na kuutupa ilikuwa kama kwetu kumwaga wali: hakosi mtu mzima wa kukukemea. Basi waliulowesha, wakaukamua, wakauchanganya na kilichopo bustanini. Kilichopo hapo zamani hakikuwa tungule. Katika karne ya 16 mchoraji Bronzino, aliyekuwa akiwachora Medici, familia iliyotawala Firenze (Florence), alitunga shairi la kukisifu kitunguu, na ndani yake ametaja saladi ya kitunguu na tango pamoja na mkate, tungule haimo. Tungule ilikuwa bado mgeni kutoka Amerika. Oktoba 1548 kapu lake lilifikishwa kwa watu wa nyumba ya Cosimo de' Medici mjini Pisa, nao wakalifungua wakabaki wanayatazama tu yale matunda.

Nimekueleza haya kwa sababu moja. Jina la saladi yako limeanza na pane, yaani mkate, na mkate ndio mwenye nyumba. Tungule ni mgeni aliyekuja akapendwa. Ukianza kuhangaika na tungule kabla hujaupata mkate, utarudi palepale.

Mkate wa kienyeji wa Toscana hauna chumvi hata punje. Wenyewe wana visa vya kueleza jambo hilo. Kimoja ni cha karne ya 12, kwamba Pisa iliyokuwa na bandari iliifungia Firenze njia ya chumvi. Kingine ni cha kodi za chumvi zilizowachosha maskini. Wapishi wana jibu lao, nami ndilo ninalolipenda: jibini na vitoweo vyao vya kukausha vimejaa chumvi, na mkate ukiwa nayo pia utakesha kwenye mtungi wa maji. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliusajili mkate huo miongoni mwa vyakula vinavyolindwa kwa jina na mahali pake. Unga wa ngano, maji na chachu ya asili, basi. Na kule kukosa chumvi kuna faida kwa saladi yetu, maana chumvi hushika unyevu. Mkate usio nayo hugeuka mkavu upesi.

Lakini neno "mkavu" limewapoteza wengi, nawe ukiwemo, ndiyo maana ukakimbilia jua. Fikiria wali wa jana. Umeufunika vizuri, hakuna maji yaliyopotea ya kusema, lakini asubuhi punje zimekuwa ngumu. Kilichotokea ni kwamba wanga uliokunywa maji na kulainika jikoni, ulipopoa ulianza kujipanga upya na kukaza. Ukiupasha moto unalainika tena, si ndiyo? Mkate ni hivyohivyo. Kuchakaa kwa mkate ni wanga kukaza, na kukauka kwa maji ni jambo la pembeni. Huo wanga uliokaza ndio mifupa ya panzanella: ukiulowesha, unakunywa maji bila kubomoka.

Sasa chukua mkate wa slesi usome karatasi yake. Utakuta sukari, utakuta mafuta, na mara nyingi utakuta vilainishi ambavyo kazi yake ni kuuzuia wanga usikaze, ili mkate ukae laini kwenye rafu siku nyingi. Kiwanda kimeugharamia ulaini huo, halafu wewe unautia majini ukitaka ushikamane. Jua lilikausha kingo na nje, ndani ukabaki sifongo ileile yenye sukari. Ndipo ukapata uji wenye vipande.

Unguja mmejaaliwa boflo. Nenda kwenye tanuri, chukua iliyookwa mpaka ganda likawa la hudhurungi, nyepesi mkononi kuliko ukubwa wake, na ukiibana isirudi kama mto. Boflo ya unga, maji, hamira na chumvi ndiyo jamaa wa karibu wa mkate wa Toscana unayeweza kumpata bila kupanda ndege. Mkate wa ajemi mwachie dada yako. Mkate wa ufuta una tui na ni mwororo mno, utakuaibisha. Mkate wa kumimina usiuguse hata kwa mzaha.

Ukiwa na tanuri la umeme au gesi nyumbani na hamu ya kuoka, unaweza kuupata ule wenyewe usio na chumvi. Nusu kilo ya unga wa ngano, maji mililita 340, hamira robo kijiko cha chai. Changanya mpaka usione unga mkavu, funika. Italia wakati wa baridi donge kama hilo huachwa usiku kucha. Kwa joto la Unguja saa sita zatosha, tena bila chumvi hamira hukimbia, kwa hiyo litazame. Likunje mara mbili tatu, liache saa moja, kisha liingize kwenye sufuria nzito yenye mfuniko iliyokwisha kupata moto ndani ya tanuri la nyuzi 230. Dakika 30 kwa mfuniko, 15 bila mfuniko. Ukiula siku hiyo utasema umesahau kitu. Ndivyo ulivyo. Usiuhukumu mpaka uwe na mafuta na tungule juu yake.

Iwe boflo au huo, tatizo letu la pwani ni moja: hewa yetu ina unyevu mwingi. Mkate unaoachwa mezani Firenze siku nne unakuwa jiwe. Ukiachwa mezani Unguja siku nne unaota ndevu za kijani. Na mkate wenye ukungu hautolewi kipande kibovu ukaliwa kilichobaki, unatupwa wote, kwa sababu nyuzi za ukungu huwa zimeshapita mbali kuliko jicho linavyoona. Jibu lake ni friji. Umeambiwa siku zote usiweke mkate kwenye friji, na ni kweli, kwa anayetaka mkate laini. Joto la friji, nyuzi 4 hivi, ndipo wanga hukaza upesi kuliko mezani, na upesi kuliko kwenye friza ambako mambo husimama. Sisi ndicho tunachokitaka. Kata boflo vipande vya unene wa vidole viwili, vipange kwenye sinia bila kufunika, viingize friji usiku mbili. Friji hukausha pia, basi umepata yote mawili. Ukivigonga mezani Jumamosi asubuhi na vikalia kama kuni, tayari. Vikiwa bado vina ulaini katikati, vitie kwenye tanuri la moto mdogo, nyuzi 100, kwa nusu saa, au uviweke juu ya chungu chenye makaa yaliyofifia, viache vipoe kabisa. Umeme ukikatika kwa siku nzima kama unavyojua unavyokatika, njia ya makaa ndiyo itakayokuokoa.

Kuloweka nako kuna adabu yake. Maji yawe baridi, na yawe ya kunywa, yaliyochemshwa au ya chupa, kwa sababu saladi hii haipiti jikoni. Lolote lililomo kwenye maji litafika mezani. Lita moja kwa vijiko vikubwa viwili vya siki. Tumbukiza vipande, vigeuze, na ukae hapohapo usiende kuzungumza na jirani. Baada ya dakika tano bonyeza katikati ya kipande. Ukihisi kokwa, bado. Kokwa ikiisha, toa. Kipande kigumu sana kitachukua dakika kumi, chembamba kitachukua tatu.

Halafu kamua. Hapa mzee wa Siena alihangaika kunieleza, mpaka siku aliponiona nakamua nazi akapiga kelele: hivyo, hivyo! Unaweka kipande kati ya viganja, unabana kwa nguvu iliyotulia mpaka maji yaache kudondoka, wala husokoti kama nguo ya kufuliwa. Najua siku hizi tui linatoka kwenye brenda, lakini muulize mama yako atakuonyesha. Kisha uchambue kwa vidole ndani ya bakuli pana. Mkate uliotayarishwa vizuri utachambuka punje punje, mwepesi, umenyevuka lakini hauachi maji kiganjani. Kama chicha iliyotoka kifumbuni. Ukinata vidoleni kama donge la kaimati, basi mkate haukuwa umekaza, nao hauna dawa. Wape kuku, wao hawana mavyaa.

Kuna mlango wa dharura. Ikifika Jumamosi boflo yako imekaza nusunusu, usiiloweke kabisa. Ichane vipande vya ukubwa wa kidole gumba, inyunyizie siki kidogo, uiache inywe maji ya tungule peke yake kwa saa nzima. Haitakuwa ile ya wazee wa mashambani, itakuwa ile wanayoiandaa wapishi wengi wa mjini siku hizi, na ni tamu pia. Mimi napenda ya wazee.

Sasa tungule. Hapa inabidi uisahau kachumbari, na kwa Mswahili hilo si jambo dogo. Kwenye kachumbari tunayaogopa maji ya tungule. Tunatoa mbegu, tunachuja, tunachanganya dakika ya mwisho, maana kachumbari ikielea maji juu ya pilau ni aibu ya mpishi. Panzanella inayatafuta maji hayohayo. Mkate umekamuliwa ukabaki na kiu, na kinachokuja kuijaza kiu hiyo ndicho kitakachokuwa ladha ya saladi nzima. Ukitoa mbegu na ute wake umetupa sehemu bora, kwa kuwa ule ute unaozunguka mbegu una glutamati nyingi kuliko nyama ya tungule, na glutamati ndiyo inayompa mtu ladha ile nzito kama ya mchuzi.

Kwa hiyo usinunue zile ndefu za ganda gumu, jamaa za Roma na Cal J, zinazosafiri kwenye matenga bila kupasuka. Zimezalishwa kwa ajili ya safari na sufuria, nyama nyingi, maji kidogo. Za Firenze zenyewe huitwa costoluto fiorentino, zina mbavu kama boga dogo. Wengine hutumia cuore di bue, moyo wa maksai, kubwa kama ngumi ya mvuvi. Wewe tafuta za mviringo zenye mikunjo, na mwambie mwenye meza akupe zile alizozitenga kando kwa kuwa zimeiva kupita kiasi. Atakupunguzia bei na atadhani unapika mchuzi. Ziache juu ya meza. Friji iliyotusaidia kwenye mkate inaziua tungule: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba tungule zilizokaa siku saba kwenye nyuzi 5 hupoteza sehemu ya harufu yake, kwa sababu jeni zinazoitengeneza huzimika, na hazirudi zote hata tungule ikirudishwa kwenye joto.

Kwa watu wanne chukua tungule gramu 700 kwa boflo kavu gramu 300. Zikate vipande vikubwa, vya kutafunwa, si vile vidogo vya kachumbari. Zitie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ziache kwenye chujio juu ya bakuli dakika ishirini. Chumvi itayavuta maji, nayo yatadondoka chini mekundu na matamu. Usiyamwage! Ongeza humo vijiko vikubwa sita vya mafuta ya zeituni na vijiko viwili vya siki, koroga kwa uma mpaka viungane viwe vizito kidogo. Huo ndio mchuzi wako, hakuna mwingine. Boflo ina chumvi yake tayari, hivyo usiongeze nyingine mpaka uonje mwishoni.

Kitunguu maji kiwe chekundu. Toscana kuna mji uitwao Certaldo ambao umekiweka kitunguu kwenye nembo yake, kwa hiyo elewa kwamba hawakichukulii mzaha. Kimoja kikubwa, kata duara nyembamba, lowesha kwenye maji baridi yenye siki nusu saa. Ukali unaondoka, utamu unabaki. Usikisugue na chumvi kama tunavyofanya kwenye kachumbari, kitalegea.

Kuhusu tango, ndugu hugombana. Wapo wanaoapa kwamba tango halimo, wapo wanaosema bila tango si panzanella. Bronzino alikuwa na tango, nami niko na Bronzino. Moja, limenywe, mbegu zitolewe kwa kijiko.

Mrehani unao uani, bila shaka. Majani ya saladi hii ni mrehani, wala usicheke. Ule tunaoutia kwenye kikuba na asumini ni wa jamaa hiyohiyo, ila wa kwetu una harufu kali zaidi, una ukarafuu ndani yake. Mapishi ya Kitaliano yakisema majani ishirini, wewe tia manane, uonje, kisha uamue. Yachane kwa mkono. Kisu huyaponda kingo zikawa nyeusi.

Siki. Waitaliano hutumia ya divai nyekundu, na swali linalokuja nalijua. Jibu lake muulize shekhe wako, si mpishi. Mimi jikoni kwangu natumia siki ya tufaha na hakuna Mtaliano aliyewahi kurudisha sahani. Siki ya divai ya Ulaya haipungui asilimia 6 ya asidi, kwa hiyo angalia chupa yako: ikiwa ni 4 au 5, ongeza kijiko. Ile nyeupe ya bei rahisi ina ukali bila harufu, ukiwa nayo peke yake tia nusu na ukamulie ndimu. Ile nyeusi tamu ya Modena, wanayoimwagia kila kitu siku hizi, iache. Inaufanya mkate uwe na rangi ya matope.

Mafuta ya zeituni yawe ya kula. Nasema hivyo kwa sababu nyumba nyingi za kwetu zina ile chupa ndogo ya dawa, ya kupaka na kusomea, na binti mmoja niliyemfundisha aliitumia yote kwenye saladi moja. Tafuta iliyoandikwa extra vergine, ya kukamuliwa bila moto, yenye kuwasha kidogo kooni. Kule kuwasha ndiko wanakokutaka Toscana.

Ukishachambua mkate, mwagia nusu ya ule mchuzi, changanya kwa mikono, subiri dakika kumi uone umenywa kiasi gani. Ndipo utie tungule, kitunguu kilichokamuliwa, tango na nusu ya mrehani, na mchuzi uliobaki. Funika, weka mahali pa baridi saa moja. Ikibidi kuiweka kwenye friji kwa ajili ya joto, isizidi hiyo saa moja, na uitoe robo saa kabla ya kula. Onja tena wakati huo, maana chakula cha baridi huficha chumvi. Ikiwa imekuwa nzito, ni mafuta na siki zinahitajika. Usiongeze maji.

Dada yako wa Muscat hajakosea, amezungumzia chakula kingine. Fatushi ni ya Sham, Lebanoni na Siria, na mkate wake ni ule mwembamba wa Kiarabu, unaokaangwa au kuokwa mpaka ukavunjika kwa sauti, kisha unatiwa mwisho kabisa juu ya mboga zenye ndimu na sumaki, si ile ya kuvuta chuma, ni kiungo chekundu chenye uchachu. Unaliwa hapohapo, kabla haujalegea. Kwenye fatushi mkate ukilowa umechelewa. Kwenye panzanella mkate usipolowa umewahi. Ukikaanga boflo ukaitia kwenye panzanella, mafuta ya kukaangia yataifunga isinywe maji ya tungule, na utakuwa na saladi mbili kwenye bakuli moja, hakuna iliyokamilika. Mwambie dada akuletee sumaki safari yake ijayo, hiyo tutaizungumza siku nyingine.

Umeuliza pia kimoyomoyo, najua, itatosha kuwa chakula cha mgeni? Peke yake ni chakula cha mchana cha siku ya joto. Kwa mavyaa, weka pembeni changu wa kuchoma au vipande vya jodari, lakini usimtie samaki ndani ya bakuli. Wapo Waitaliano wanaotia jodari wa kopo na mayai. Mzee wangu aliwaita watalii, na wengine walikuwa wanakijiji wenzake.

Basi panga hivi. Jumatano jioni nunua boflo nne, ziache zipoe na zikae usiku huo ndani ya karatasi, usizitie mfuko wa plastiki. Alhamisi asubuhi kata, panga kwenye sinia, tia kwenye friji. Ijumaa baada ya swala nenda sokoni kwa tungule, zikae mezani zikitazama juu. Jumamosi saa tatu asubuhi gonga mkate. Kama haulii, tanuri au makaa. Saa nne kata kitunguu na tungule. Saa nne na nusu loweka, kamua, chambua. Saa tano na nusu bakuli iwe imefunikwa na wewe umeshaoga. Saa saba kasoro utoe, uonje, umalizie mrehani uliobaki na mafuta kijiko kimoja juu.

Kikibaki, usikiache mezani mpaka alasiri kwa joto letu. Kitie kwenye friji, na jioni kiingize sufuriani na kitunguu thomu viwili, tungule nyingine na maji kikombe, upike moto mdogo mpaka kiwe rojo. Huo ni uji, naam, lakini Toscana una jina lake, pappa al pomodoro, na huo hata mavyaa akiuliza nani mgonjwa unaweza kumjibu.